Kuja Unguja Msimu wa Sherehe: Maelekezo ya Shangazi wa Makunduchi

Ikifika Juni simu yangu haitulii. Mpwa wangu wa Temeke, shoga yangu wa Tanga, na watu ambao hata sijui namba yangu wameipata wapi, wote wana swali moja: "Shangazi, Mwaka Kogwa tarehe ngapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nayaandika hapa yote kwa pamoja, ya Mwaka, yaani sherehe yetu ya mwaka mpya wa wazee, na ya Idi, ya Maulidi na ya muziki wa Ngome Kongwe, ili anayetaka kuja aje akijua anaingia wapi.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, nimeolewa mjini, nakaa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kazi yangu ni kutunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na kuuza maua, kwa hiyo sherehe kwangu ni riziki. Asumini ikigombewa tangu alfajiri, najua usiku kuna jambo.

Kwanza jua sherehe yako inafuata kalenda ipi

Wageni wengi wanakwama hapa. Mtu anakata tiketi ya boti, anaomba likizo kazini, anakuja kukuta shughuli imepita juzi au bado wiki. Si kwamba Waunguja hatujui kupanga. Tunaishi na kalenda tatu kwa wakati mmoja, na kila sherehe ina yake.

Ya kwanza ni hii ya ukutani. Mapinduzi ni tarehe 12 Januari, haisogei. Sauti za Busara, tamasha la muziki, ni Februari. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, lile watu wanaloliita ZIFF, kwa miaka mingi lilikuwa la Julai lakini siku hizi linahama kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo tazama tangazo la mwaka huohuo. Tamasha la Kizimkazi ni Agosti.

Ya pili ni ya mwezi. Ramadhani, Idi zote mbili na Maulidi zinafuata mwezi mwandamo, na kila mwaka zinarudi nyuma siku 10 au 11. Miaka hii Ramadhani imeshuka hadi Februari na Machi, na ndiyo maana nawaambia wapenda muziki watazame kalenda mbili kabla ya kulipa chochote. Februari yenye Sauti za Busara na Februari yenye mfungo ni miji miwili tofauti. Katika mfungo, mchana hapa hakuliwi hadharani, migahawa mingi inafungwa, na mgeni anayetembea na chupa ya soda sokoni Darajani ataambiwa, tena si kwa upole kila mara.

Ya tatu ndiyo ya wazee wetu, ya Nairuzi. Hii ina siku 365 kamili, haina mwaka mrefu, na imegawika katika miongo ya siku kumi kumi ambayo mkulima na mvuvi wanaihesabia mvua na pepo. Mwaka Kogwa unafuata hiyo. Kwa kuwa kalenda ya ukutani inaongeza siku moja kila baada ya miaka 4 na ya Nairuzi haiongezi, Mwaka unarudi nyuma polepole. Vijitabu vya watalii bado vinaandika 23 na 24 Julai kama vile siku imepigwa msumari. Usivifuate. Jiachie nafasi kuanzia katikati ya Julai, na mwezi mmoja kabla uliza mtu wa Makunduchi mwenyewe. Huna unayemjua? Panda gari ya Makunduchi ukiwa mjini, au simama inapopakia, na uulize mama yeyote aliyebeba kapu. Atakutajia siku, na huenda akakutajia na nyumba ya kufikia.

Mwaka Kogwa: namna ya kuja, na namna ya kusimama

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo kwetu.

Makunduchi iko kusini mashariki mwa Unguja, kama kilomita 60 kutoka mjini. Gari zinapita Tunguu hadi Kitogani, hapo zinashika njia ya kusini. Siku ya Mwaka usingoje gari ya saa 4 asubuhi. Kila mtu ataingoja hiyo, na utasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje. Ondoka alfajiri. Bora kuliko hapo, nenda ulale huko usiku wa kuamkia, kwa sababu Mwaka unaanza asubuhi watu wanapokwenda kuoga, wala si pale kamera zinapofika.

Kuna nyumba za wageni Makunduchi, na Jambiani iko jirani ikiwa unataka hoteli ya ufukweni. Lakini sikiliza: kwetu mtu kukosa mgeni siku ya Mwaka ni jambo la kumkosesha raha. Asiye na mgeni hutoka kumtafuta. Kwa hiyo ukiwa umesimama pembeni na mkoba wako, akaja mzee akakuambia "karibu kwangu upate chochote," hakuuzii kitu. Usianze kuuliza bei, utamvunja moyo. Sema "ahsante, Mzee, shikamoo," umfuate. Ukikataa, kataa kwa sababu inayoeleweka: "Nimekwisha pata mwenyeji, nipo kwa fulani." Hapo atafurahi, maana hukuachwa.

Usiende mikono mitupu. Sukari, mchele, sabuni, majani ya chai, hivyo ndivyo vinavyoingia nyumbani na kuonekana. Jozi ya kanga kwa mama mwenye nyumba ni heshima kubwa, na akina mama wanasoma jina la kanga kabla ya kuitazama rangi, kwa hiyo kabla hujalipa dukani hakikisha maneno yake hayana kijembe. Fedha unaweza kutoa, lakini mpe mkononi wakati wa kuaga, ikiwa imekunjwa, usiiweke juu ya sinia.

Sasa uwanja. Uwe umefika kabla ya adhuhuri. Wanaume wanakuja kwa makundi mawili, wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini, wanaimba na kutambiana, na mikononi wana mashina ya migomba. Halafu wanachapana. Mgeni akiona mara ya kwanza anashika kifua, lakini shina la mgomba ni maji na nyuzi. Likikupata mgongoni linapasuka, linatoa mlio mkubwa kuliko maumivu. Wenye kinyongo cha mwaka mzima wanatafutana hapo. Aliyekopa akakaa kimya, jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, wote wanajua watakutana. Wakitoka uwanjani yamekwisha, na anayeendelea kuyazungumza baada ya hapo anaonekana mtu wa ovyo.

Mambo mawili ya kuzingatia ukiwa hapo. La kwanza, utomvu wa mgomba haufuliki. Unakauka ukawa doa la kahawia, na sabuni yote ya Darajani haitaliondoa. Usivae nyeupe, usivae kanzu yako ya Idi. La pili, mpiganaji haangalii nyuma. Vurumai ikisogea upande wako, sogea nayo, usisimame kupiga picha. Kijana wa kigeni anaweza kuingia kuchapana akikaribishwa, na vijana wetu watamfurahia, lakini aingie kwa kualikwa na aache simu kwa mtu. Mwanamke asiingie.

Si kwamba wanawake tunakaa kutazama. Tunakuwa tumevaa, na nikisema tumevaa elewa kwamba nguo zile zimeshonwa tangu Mei. Tunapita kwa makundi tukiimba, na nyimbo zetu zina mambo. Nyingine ni za mapenzi, nyingine ni za kumpasha fulani, na kuna zilizokolea chumvi kiasi kwamba mama mkwe wangu huangalia pembeni akizisikia, ingawa midomo yake inazifuata. Ombi langu kwa wenye simu ni moja: usimrekodi mwanamke anayeimba kisha ukamtupa mtandaoni. Lile ni neno la uwanja na la siku ile. Muombe. Akikubali, mpige picha uliyomuomba, basi.

Baada ya kuchapana watu wanakusanyika kwenye kibanda cha makuti kilichojengwa kwa kazi hiyohiyo. Wazee wanazunguka na kusoma yao. Mmoja anaingia ndani, kibanda kinawashwa naye yumo, na makuti makavu ya Julai hayana subira, moto unapanda mara moja. Utasikia watoto wa kigeni wakipiga kelele. Mzee anachomoka upande wa pili na kutokomea vichakani, na vijana wanauvamia moto kwa udongo na majani. Tazama wazee wakati huo, wala si moto. Wao wanautazama moshi, unaelekea wapi.

Moto ukishazimwa, mgeni wa siku moja hugeuza gari akarudi mjini, akadhani ameuona Mwaka. Sherehe ni siku nne! Kuanzia hapo ndipo chakula kinapoanza: wali wa nazi, kuku wa kienyeji, pweza, muhogo. Ndipo ngoma zinapoanza, na usiku tarabu na disko pwani, na vijana kutafutana wachumba, jambo ambalo wazee wanajifanya hawalijui. Kama una siku mbili tu, nakushauri zifanye ya kwanza na ya pili, ulale katikati.

Pepo za kusi zinavuma wakati huo. Usiku Makunduchi kuna baridi ya kweli kwa mtu wa pwani, kwa hiyo chukua shuka nzito au sweta. Bahari upande wetu inakuwa na mawimbi, na maji yakitoka yanatoka mbali. Ukitaka kuoga, muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi siku hiyo.

Idi mjini

Idi haitazamwi kutoka hotelini. Kwa kuwa mwezi unaweza kuandama au usiandame, panga siku moja ya ziada mbele na moja nyuma. Boti za kutoka Dar es Salaam siku mbili za mwisho za Ramadhani zinajaa watu wanaorudi kwao, na tiketi ya kubahatisha bandarini hupati. Kata mapema, na ubebe kitambulisho. Wa Mombasa na Nairobi, pasipoti.

Sikukuu kwetu ni siku nne, na kila moja inahesabiwa: sikukuu mosi, sikukuu pili, mpaka nne. Asubuhi ya mosi mji ni mtupu, watu wako kwenye sala na kisha majumbani. Usitafute duka. Ukialikwa kula, utakutana na bokoboko, ngano na nyama zilizopikwa mpaka zikashikana, na samli juu yake. Wageni wa bara huwa wanaonja kijiko kimoja kwa adabu halafu wanaomba sahani ya pili.

Jioni ndiyo ya watoto. Kuanzia alasiri wanamiminika viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo (Kariakoo yetu, wa Dar msichanganyikiwe), wavulana na kanzu au suti zinazowapwaya, wasichana na magauni yenye kumetameta, pembea, aiskrimu, mabunduki ya plastiki, vumbi. Ukienda kwa watu, beba noti ndogondogo, na ikiwezekana mpya. Mtoto atakusalimia, atakaa mbele yako bila kusema neno, na atakuwa anangoja mkono wa Idi. Akishapata atakwenda kuwaambia wenzake. Usishangae ukiona foleni.

Wanawake mnaokuja, bebeni baibui au gauni refu na mtandio. Si sheria ya kulazimishwa, ila usiku wa sikukuu mji mzima umependeza na umenukia udi, na mwenye kaptura anajiona mwenyewe amepungukiwa. Hina pia. Usiende kwa mwenye kupaka hina siku ya mwisho ya mfungo ukadhani utapata nafasi. Wamekwisha chukuliwa wote tangu wiki moja kabla.

Maulidi, na habari ya kikuba

Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ndio mwezi wangu wa kazi. Kuna maulidi makubwa ya taifa usiku wa kuamkia tarehe 12, na baada ya hapo mwezi mzima kila mtaa, kila msikiti, kila madrasa inasoma yake. Mgeni asiye Mwislamu anaweza kuhudhuria akialikwa na akivaa ipasavyo. Mwanamume kanzu na kofia, au suruali na shati la mikono mirefu. Mwanamke ajifunike. Viatu nje, na vikumbuke uliviacha wapi, kwa sababu mtakuwa mamia.

Wanawake wanakaa upande wao, na huko ndiko kikuba kinapofanya kazi. Nakwambia kinavyotungwa, ili ukinunua ujue unanunua nini. Tunachuma asumini jioni ingali vitumba vilivyofumba, kwa sababu ikifunguka mtini harufu inabaki mtini. Unaitunga kwa uzi, unaishika na rihani, ukipata mkilua unautia, na vipande vya mkadi. Unafunga, unanyunyiza maji, unakifunika kwa kitambaa kibichi. Mtu anakibandika kifuani au nyweleni, na kufika saa 3 usiku maua yamefunguka yote na chumba kimejaa. Ukipewa cha maua yaliyokwisha funguka mchana, rudisha. Umeuziwa cha jana.

Wasomaji wa maulidi wakifika mahali pa kusimama, kila mtu anasimama, nawe simama. Atapita mtu na mrashi akunyunyizie, mwingine na chetezo cha udi, unajifukizia kidogo kwa mkono, unampisha wa pili yako. Kahawa na halua zinakuja baadaye. Usiondoke katikati, na simu iwe kimya. Kama una haraka, kaa karibu na mlango tangu mwanzo.

Muziki Februari

Sauti za Busara ilianza 2004, nayo ni Ngome Kongwe pale Forodhani, kwa kawaida siku tatu au nne hivi mpaka Jumapili. Muziki ni wa kupigwa mubashara kutoka Afrika nzima, na majukwaa yanabadilishana bila kukupa nafasi ya kupumua. Mtanzania halipi sawa na mtalii wa Ulaya. Bei zina ngazi, kwa hiyo beba kitambulisho ununulie tiketi yako, usimtume rafiki mwenye pasipoti ya kigeni.

Kwa maoni yangu, makosa ya wengi ni kuja saa 4 usiku kumsikiliza yule mwenye jina. Njoo alasiri. Wakati huo jukwaani kuna vikundi ambavyo hujapata kuvisikia, kuna nafasi ya kukaa, na ndipo mara nyingi wanapowekwa wa kwetu wenye ala za udi, kanuni na fidla. Mwenye jina utamsikia hata ukiwa nje ya ngome, kuta zile za Waomani hazizuii spika. Mara nyingi kuna na maandamano ya ufunguzi mitaani, ngoma, beni na vijana wa sarakasi, na hayo hayana kiingilio.

Kulala ndiko kunakokula fedha. Mji Mkongwe vyumba vinapanda na vinakwisha. Lala Ng'ambo: Michenzani, Mpendae, Amani, kote kuna nyumba za wageni safi, na daladala zinakufikisha Darajani, hapo unamalizia kwa miguu. Usiku wa manane daladala hazipo, kwa hiyo patana na teksi au bodaboda tangu jioni, uchukue namba ya dereva, umtajie saa. Mpwa wangu mmoja alilipishwa mara tatu kwa safari ya dakika kumi kwa sababu alianza kupatana wakati watu wote wamekwisha toka mlangoni.

Vichochoroni utapotea, hilo lisikutie hofu. Uliza "Forodhani iko wapi?" hata saa 8 usiku kuna wazee barazani watakuonyesha. Beit el Ajaib, ile nyumba kubwa iliyoporomoka sehemu Desemba 2020, iko ubavuni mwa Ngome Kongwe, ukiiona umefika. Joto la kaskazi Februari ni kali hata usiku, beba maji. Na bega zako zifunike ukipita mitaani mchana, msikiti uko kila kona.

Chakula cha Forodhani usiku wa tamasha ni kwa ajili ya macho. Urojo mzuri uko uswahilini, kwa mama mwenye sufuria moja na benchi moja, ambaye anamaliza saa 1 usiku na kufunga. Uliza wenyeji wa pale ulipolala, watabishana nani anapika bora zaidi, na huo ubishi ndio utakuonyesha njia.

Mengine kwa kifupi

Mapinduzi: usiku wa kuamkia 12 Januari kuna fataki, na mpira wa Kombe la Mapinduzi unachezwa siku za karibu na tarehe hiyo. Mwenye kupenda kandanda aje, hasa timu kubwa za Dar zikishiriki, kelele zake nazisikia nikiwa jikoni. Asiyependa, hana haja ya kuja tarehe hiyo. Ofisi zimefungwa na barabara nyingine zimezuiwa kwa gwaride.

Filamu: sinema za usiku ndani ya Ngome Kongwe chini ya nyota ni raha, lakini chukua mto wa kukalia. Zile ngazi za mawe hazina huruma.

Kizimkazi: ni kwao Rais Samia, kwa hiyo tegemea misafara, askari barabarani na wasanii wa bara. Ni sherehe kubwa, ila si ya kwenda kupumzika. Ukitaka Kizimkazi ya utulivu na pomboo, nenda mwezi mwingine.

Pemba ni habari nyingine kabisa. Kule kuna mchezo wa ng'ombe, ambao watu husema uliachwa na Wareno, na msimu wake mmoja ni wa kaskazi, kati ya Disemba na Februari. Dume linafungwa kamba, mchezaji analichokoza kwa kitambaa au gunia, zumari inalia, wanawake wanaimba, na watazamaji wanapanda miembe kwa sababu dume halichagui wa kumfukuza. Ng'ombe hauawi. Kengeja ni mahali pamojawapo panapojulikana kwa mchezo huo. Hakuna tangazo wala tiketi. Unapanda boti mpaka Mkoani, unauliza wapi wanacheza wiki hiyo, unakwenda. Asiye na siku tatu za kupoteza asijaribu. Nikipata mgeni mmoja mwenye subira namwelekeza Pemba kabla ya kwingine kote, lakini wengi wanataka jambo lenye saa.

Kurudi

Tiketi ya kurudi kata siku ileile unayokata ya kuja. Siku ya kwanza ya kazi baada ya Idi, na Jumatatu baada ya Sauti za Busara, bandari ya Malindi inafurika na boti ya asubuhi inaondoka imejaa. Safari ni kama saa 2 hali ya hewa ikiwa nzuri. Julai si nzuri, kusi inapiga ubavuni. Kaa ghorofa ya chini, nyuma kidogo ya katikati, usile chapati ya mafuta asubuhi hiyo, tafuna tangawizi, na mfuko ule wanaokupa uushike mkononi hata kama unajiona mzoefu. Walioubeba kwa ajili ya jirani yao hawajawahi kujuta.

Na kama umepewa zawadi na mwenyeji, kuku hai mathalani, jambo ambalo Makunduchi linatokea sana, usimkatae mbele yake. Mchukue, mshukuru, kisha nipigie simu nikwambie umpeleke wapi mjini kabla hujafika bandarini.